Kichocho: dawa iliyochelewa kumfikia mjamzito

Mjamzito wa Zinga, kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, akirudi kliniki mara ya tatu akilalamika kuwa mkojo unamchoma, jibu la haraka huwa UTI. Mara nyingi ni kweli. Mimba hulegeza mirija ya mkojo, mfuko wa uzazi huikandamiza, mkojo hutuama na bakteria huzaliana. Lakini dozi ikiisha na maumivu yakarudi, ukanda huu wa pwani una mshukiwa mwingine wa siku nyingi: kichocho.

Ni ugonjwa wa kale. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alikuta mayai ya kichocho katika figo za maiti zilizokaushwa Misri zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mnyoo unaousababisha uligunduliwa mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alipokuwa akipasua maiti jijini Kairo. Namna unavyomwingia mtu ilithibitishwa mwaka 1915, hukohuko Misri: Robert Leiper alionyesha kwamba viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi.

Pwani, konokono hao hukaa kwenye madimbwi na vijito. Anayeingia humo kuchota maji au kufua huambukizwa, na kazi hizo kwa kawaida huwaangukia wanawake.

Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu kuzunguka kibofu. Mayai yanayonasa hujeruhi ukuta wa kibofu, mkojo ukatoka na damu, na bakteria wakapata pa kuingilia. Baadhi yao, kama salmonela, hujishikiza kwenye mnyoo wenyewe. Antibayotiki huwapunguza bakteria, mnyoo ukabaki.

Prazikwanteli, dawa inayoua mnyoo huo, ilipatikana miaka ya 1970. Wajawazito walinyimwa kwa hofu ya kumdhuru mtoto, na mwanamke aliyebeba mimba na kunyonyesha mfululizo aliweza kukaa miaka bila tiba. Mwaka 2002 ndipo wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani walipopendekeza watibiwe.

Kampeni za kugawa vidonge zimewalenga zaidi wanafunzi, hivyo mama aliyekwisha kuacha shule hutegemea kuulizwa kliniki kama amewahi kuoga au kufua kijitoni. Saa ya kipimo nayo ina uzito: mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na mkojo wa alfajiri unaweza kuonekana hauna kitu.