Haki ya Kuihifadhi Sura: Sinema katika Mtaa wa Regent Park

Aghalabu wanaojadili sinema ya watu wa kawaida huanza na kamera: huuliza ni nani aliyeishika na ni nani aliyepigwa picha, na pindi kamera inapotoka mikononi mwa mgeni ikaingia mikononi mwa mwenyeji, huona kuwa haki imekwisha kutendeka. Swali lao ni la maana, lakini halitoshi. Picha ikishapigwa yabaki maswali mawili mengine, mazito kuliko hilo la kwanza: ni nani atakayeitazama, na ni nani atakayeihifadhi na kuwa na amri juu yake. Makala haya yanadai kwamba maswali hayo mawili ndiyo kiini cha jambo, na ithibati yake naitafuta Regent Park, mtaa wa mji wa Toronto nchini Kanada, ambao katika muda usiotimia miaka 60 uliingiliwa na wabomoaji mara mbili, na mara zote mbili wakaazi wake wakahamishwa.

Ubomoaji wa kwanza ulianza mwaka 1948. Palipokuwa na nyumba kongwe za vibarua, mashariki ya kitovu cha mji, pakajengwa majumba ya umma, mradi mkubwa wa kwanza wa namna hiyo katika Kanada nzima. Mwaka 1953 Bodi ya Taifa ya Filamu ikatoa filamu fupi iitwayo Farewell Oak Street, iliyoongozwa na Grant McLean na kusimuliwa kwa sauti nzito ya Lorne Greene. Filamu hiyo inalinganisha yaliyokuwa na yaliyokuja: kwanza vyumba vya giza vilivyosongamana watu, kisha makao mapya yenye nafasi, mwanga na faragha. Suala la uchafu na usafi limetiliwa mkazo mno humo, hata mtazamaji asiyejua habari za mtaa aweza kudhani kwamba unyonge wa nyumba ulitokana na tabia ya waliokaa ndani yake, ilhali wapangaji hawakuwa na uwezo wa kuezeka paa lisilo lao. Mwanahistoria Sean Purdy, aliyeichunguza filamu hiyo pamoja na ndugu yake ya mwaka 1994, Return to Regent Park, ameonyesha jinsi Bodi hiyo ilivyosaidia kuuchora mtaa machoni pa taifa kama makazi ya watu waliotengwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa amekwisha kuitambua sauti hiyo. Baina ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na wenzake, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, walitengeneza filamu 35 za kuwaelimisha Waafrika, wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mojawapo ilihusu ugonjwa wa safura, na humo mkulima huonyeshwa namna ya kujitunza na kujenga choo. Sauti haikuwamo ndani ya filamu yenyewe. Ilikuwa katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, hata mtu yule yule aliyepigwa picha Usambara akaweza kuelezwa kwa lugha mbalimbali kila gari la sinema lilikofika, kwa maneno ambayo yeye hakuyasema na pengine hakuyasikia maishani mwake. Filamu chache mno kati ya hizo zimesalia, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Mjukuu wa mkulima yule akitaka kuiona sura ya babu yake hana budi kuiomba London.

Undugu huu wa Vugiri na Toronto una asili moja. John Grierson, aliyeiasisi Bodi ya Kanada mwaka 1939, alilelewa katika idara za sinema za serikali ya Uingereza, naye aliiona sinema kuwa mimbari. Simlaumu kwa hilo. Mimbari ina heshima yake. Lakini walioketi chini ya mimbari husikiliza tu, hawajibu.

Ajabu ni kwamba katika nyumba hiyo hiyo ya Bodi alikuwamo Norman McLaren, fundi ambaye kila mpenzi wa katuni humtaja kwa taadhima. Katika filamu yake Neighbours ya mwaka 1952, majirani wawili wanaligombea ua moja lililochipua mpakani hadi wakauana. McLaren aliwachukua waigizaji hai akawafanya vibonzo: mtu husimama tuli, hupigwa picha moja, husogea kidogo, hupigwa nyingine, au huruka juu na kunaswa angali hewani, tena na tena, mpaka picha zikiunganishwa aonekane akiteleza juu ya nyasi bila ya kuinua mguu. Sehemu ya sauti aliikwangua mwenyewe ukingoni mwa filamu. Kazi hiyo ikapewa tuzo ya Oscar, tena katika kundi la filamu fupi za hali halisi, jambo ambalo hadi leo huwashangaza wanafunzi. Mimi naliona lina hekima kuliko walivyokusudia watoaji. McLaren anawasogeza watu kama vikaragosi, na mtazamaji anaona wazi kwamba wanasogezwa. McLean naye aliwasogeza wakaazi wa Oak Street, kutoka kizani hadi nuruni, kwa mkono usioonekana. Kati ya hizo mbili, katuni ndiyo iliyo na uaminifu zaidi.

Bodi yenyewe ilikuja kulitambua kosa lake. Mwaka 1967, chini ya mradi wa Challenge for Change, Colin Low alikwenda kisiwa cha Fogo, akawapiga picha wavuvi, na kabla filamu hazijaonyeshwa kwingine akawaonyesha wao kwanza, wakiwa na haki ya kukataa lile wasiloliridhia. Hapo ndipo swali la pili, la mtazamaji, lilipoanza kupata jibu.

Regent Park ililipokea jibu hilo na kulipanua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo cha Regent Park Focus kimekuwa kikiwafundisha vijana wa mtaa uandishi, redio, picha na video, kwa miaka mingi katika vyumba vya chini ya jengo moja la Dundas Street East. Na vijana hao, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Somalia, Bangladesh, visiwa vya Karibi na kwingineko, wakawa na gazeti na redio vya jina moja, Catch da Flava. Mwaka 2003 Chandra Siddan akaanzisha Tamasha la Filamu la Regent Park, ambalo tangu siku hiyo halijatoza kiingilio. Watu hulipita neno hilo upesi, wakidhani ni huruma kwa maskini. Kwa rai yangu ndilo lililo kuu kuliko yote, kwa kuwa filamu kuhusu mtaa, ikitazamwa na wenye mtaa wakiwa pamoja, hukutana na mashahidi: mama aliyepanda ngazi za jengo lile anajua kama ngazi zimeonyeshwa sawa, na mwongozaji yumo ukumbini anamsikia. Zanzibar tunalifahamu hilo, maana Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF), lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998, mbali na maonyesho ya Ngome Kongwe, hupeleka sinema hadi mashamba ya Unguja na Pemba.

Ukaja ubomoaji wa pili. Kwa mpango ulioanza mwaka 2005, mtaa wote wa ekari 69 ulikusudiwa kuangushwa na kujengwa upya kwa awamu, nyumba za umma zikichanganywa na za kuuzwa. Hubert Davis aliwafuatilia vijana wawili wa mtaa huo katika filamu yake Invisible City ya mwaka 2009, na humo majengo yanayoporomoka si pambo la nyuma, bali ni utoto wao. Mwaka 2012 likafunguliwa jumba la sanaa la Daniels Spectrum, na humo vijana wa kamera na tamasha lao wakapata maskani. Ni jumba zuri, na nafurahi kuwa lipo. Lakini jumba jipya halikumbuki lile lililokuwapo kabla yake.

Kwa hiyo kazi ninayoiona kuwa kubwa kupita zote za tamasha hilo ni ile ya Home Made Visible, iliyoanza mwaka 2017. Familia za wenyeji wa asili wa Kanada, za watu weusi na za watu wengine wasio Wazungu ziliitwa zilete filamu na kaseti zao za nyumbani, zihamishiwe katika mfumo wa kompyuta bila malipo. Nakala zilirudi kwa wenyewe, na sehemu ndogo waliyoichagua wao ikawekwa katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha York. Wapo watakaosema kwamba siku ya kuzaliwa ya mtoto, iliyopigwa kwa mkono unaotetema, si sanaa wala si historia. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu lau historia ya mtaa ingekuwapo pengine; lakini pengine hapo kuna Farewell Oak Street tu.

Waswahili, wa Mombasa, wa Maskati na wa Toronto yenyewe, wana hazina kama hiyo makabatini: kaseti za harusi za miaka ya 1980 na 1990, ambazo ukungu unazila na ambazo hazina tena mahali pa kuchezea, kwani kampuni ya Funai, ya mwisho kuunda deki mpya, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Ila kwetu kuna jambo ambalo mpango wa Toronto uliligusa nusu. Kaseti ya kupamba bibi harusi ilipigwa baina ya wanawake, vichwa wazi, kwa ahadi kwamba haitatazamwa na wanaume wa kando. Kuitia mtandaoni kwa jina la uhifadhi ni kuivunja sitara ya waliomo, na baadhi yao wamekwisha kufariki na hawawezi kuulizwa. Haki ya kuhifadhi sura haina budi kubeba ndani yake haki ya kuificha. Hifadhi itakayozipokea, iwe Nyaraka za Taifa za Zanzibar au nyingine, yapaswa iwaajiri wanawake wa kuzihamisha, itenge chumba cha kutazamia wanawake, na kila kaseti iandikiwe, kabla haijatiwa ndani ya deki, nani ameileta na nani ameruhusiwa kuiona.