Mpaka wa Ziwa Nyasa na ramani za mtandaoni

Mwananchi aliyeko Kwamndolwa, Korogwe, akifungua ramani ya dunia kwenye simu yake ataona mipaka ya nchi imechorwa kwa namna mbili: mstari usiokatika na mstari wa vipande. Google Maps hutumia mstari wa vipande pale ambapo nchi husika hazijakubaliana. Tanzania nayo ina eneo la namna hiyo, nalo ni Ziwa Nyasa.

Chanzo ni mkataba wa Julai 1, 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani, ulioweka mpaka kwenye ufukwe wa mashariki na kuacha maji upande wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Malawi inashikilia mkataba huo, pamoja na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo mwaka 1964 kuhusu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru. Tanzania inasimamia mpaka wa katikati ya ziwa, kwa mujibu wa desturi za sheria za kimataifa. Wananchi wa Kyela, Ludewa na Nyasa wameishi kwa uvuvi wa maji hayo tangu enzi za mababu. Ikumbukwe kuwa kwa upande wa Msumbiji, Uingereza na Ureno zilikubaliana mwaka 1954 kuuweka mpaka katikati ya ziwa hilohilo.

Mwaka 2012 mvutano ulipamba moto, baada ya Malawi kutoa leseni ya utafutaji mafuta ziwani. Usuluhishi ulikabidhiwa jopo la viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Rais mstaafu wa Msumbiji, Joaquim Chissano.

Kampuni za ramani hazina mamlaka ya kuamua mpaka, na mstari wao hubadilika kulingana na mtazamaji: aliyeko India huona Kashmir yote ndani ya India, ilhali kwingineko huonekana mistari ya vipande. Mwaka 2010 kamanda wa Nicaragua, Edén Pastora, alitaja Google Maps kutetea kuwapo kwa askari wake katika eneo lililodaiwa na Costa Rica. Kampuni ilikiri kosa la kilomita zipatazo 2.7, na mwaka 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kuwa eneo hilo ni la Costa Rica.

Nchini, ramani rasmi hutolewa na wizara yenye dhamana ya ardhi kupitia wataalamu wake wa upimaji na ramani. Shule na ofisi za umma zinazohitaji ramani ya nchi zinapaswa kutumia hizo.