Jina na Jiwe: Nguzo ya Kijiji cha Burwash na Sanamu ya Askari wa Dar es Salaam

Burwash ni kijiji cha Sussex, kusini mwa Uingereza. Dar es Salaam ni mji mkubwa wenye bandari. Si rahisi mtu kuwaza kwamba mahali pawili kama hapa pana jambo la kulinganishwa. Hata hivyo kila pamoja pana ukumbusho wa Vita Kuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, na kumbukumbu hizi mbili zaunganishwa na mtu mmoja: Rudyard Kipling, mwandishi aliyekaa Burwash, na ambaye ndiye aliyetunga maneno yaliyowekwa chini ya sanamu ya Dar es Salaam. Nia ya makala haya ni kueleza umbo na historia ya kila ukumbusho, kisha kuuliza swali moja. Maneno ya Dar es Salaam yanaahidi kwamba jina la aliyekufa litakumbukwa. Je, ahadi hiyo ilitimizwa, na ikiwa ilitimizwa, ilitimizwa na nani?

Tuanze na kijiji. Wakati wa vita serikali ya Uingereza ilikataza maiti za wanajeshi kurudishwa kwao. Tajiri na maskini walizikwa kule kule walikoanguka, na wengi hawakupatikana hata wazikwe. Basi vita vilipokwisha, jamaa wa marehemu hawakuwa na kaburi la kuzuru. Ndiyo sababu karibu kila kijiji cha nchi ile kilichanga fedha na kusimamisha msalaba, nguzo, au ubao wa jiwe, na juu yake yakachongwa majina ya vijana wa hapo waliokufa. Jiwe lilisimama mahali pa kaburi. Thamani yake haikuwa katika ukubwa wala katika ufundi, bali katika orodha ya majina. Kwani mama aliyepita njiani aliweza kuweka kidole chake juu ya herufi za jina la mwanawe.

Ukumbusho wa Burwash ni wa namna hiyo, ila una jambo moja la kipekee. Ni nguzo ya mawe iliyo karibu na kanisa, na juu yake pana taa. Taa hiyo haiwashwi kila siku. Huwashwa jioni ya siku inayolingana na siku aliyokufa mmoja wa wale ambao majina yao yamechongwa pale. Kwa hiyo kila marehemu ana usiku wake katika mwaka, na mpita njia aonapo mwanga hujua kwamba leo ni zamu ya fulani. Miongoni mwa majina hayo limo la John Kipling, mwana wa pekee wa mwandishi huyo, aliyepotea katika mapigano ya Loos, nchini Ufaransa, mwezi Septemba 1915, akiwa na umri wa miaka 18. Baba yake alitafuta habari zake kwa miaka mingi asipate mwili. Alikufa mwaka 1936 bila kujua mwanawe amelala wapi.

Mtu aliyekuwa na msiba huo ndiye aliyetakiwa kuwa mshauri wa lugha wa Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa mwaka 1917. Ndiye aliyechagua, kutoka katika kitabu cha kale cha dini, maneno yachongwayo juu ya mawe makubwa ya makaburi ya vita, maneno yasemayo kwamba majina ya wafu hao yataishi milele. Tume ile ilijiwekea kanuni njema: wafu wote wawe sawa, pasiwe na tofauti ya cheo, wala kabila, wala dini. Kila mmoja apate jiwe lenye jina lake, au, asipokuwa na kaburi linalojulikana, jina lake lichongwe katika ukumbusho. Sasa yatupasa kutazama jinsi kanuni hiyo ilivyotumika ilipofika Afrika Mashariki.

Vita vya Afrika Mashariki vilianza Agosti 1914, na Wajerumani hawakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambayo leo yaitwa Mbala, katika Zambia. Vilikuwa vita vya kutembea. Reli zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe kwa maelfu. Basi risasi, chakula, dawa, na hata vipande vya mizinga vilichukuliwa juu ya vichwa vya watu. Upande wa Waingereza peke yake walitumika wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja au kuzidi, wengi wao wakiwa wamekamatwa kwa nguvu vijijini mwao. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo. Wapagazi hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kichomi, kwa mvua na baridi, na kwa unga wasiouzoea usioiva sawasawa. Hesabu za serikali zilitaja vifo zaidi ya 40,000 kwa upande wa Waingereza, na wataalamu wa baadaye wameona kwamba hesabu ya kweli ilikuwa kubwa zaidi, pengine mara mbili ya hiyo.

Ukumbusho wao ulisimamishwa katika miji mitatu: Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Sanamu ya Dar es Salaam, iliyofunuliwa mwaka 1927, ni kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Ni askari mmoja wa shaba, amevaa sare ya vita, anasonga mbele na bunduki mikononi, na singe yake imeelekezwa upande wa bandarini. Mahali iliposimama palikuwa kwanza na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliiondoa walipouteka mji mwaka 1916. Katika sanamu hiyo ya kwanza gavana alisimama juu, na askari wa Kiafrika alikuwa chini yake. Katika ya pili askari yuko juu peke yake. Mabadiliko hayo si madogo, wala hayafai kudharauliwa: Mwafrika amekuwa kiini cha ukumbusho. Lakini ni Mwafrika yupi? Yule wa Burwash ana jina. Huyu ni mfano tu wa askari. Sanamu yenyewe haina mtu aliyekusudiwa.

Sasa tuyatazame maandishi. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa herufi za namna mbili, za Kirumi na za Kiarabu. Hilo ni jambo la kuangaliwa na wanafunzi wa lugha, kwa kuwa laonyesha kwamba mwaka 1927 waliotaka kusema na watu wa pwani hadharani walijua kwamba wasomaji wengi walisoma kwa herufi za Kiarabu. Maandishi yanawataja askari wenyeji waliopigana, kisha wapagazi, ambao wameitwa miguu na mikono ya jeshi, kisha wengine wote waliotumika wakafa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Mwisho yanamgeukia msomaji na kumwambia, kwa nafsi ya pili umoja, kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Maneno mawili katika kauli hiyo yanahitaji kupimwa. La kwanza ni nchi. Mpagazi aliyetolewa Ukambani au Unyamwezi akafia bonde la Rufiji hakuwa akiipigania nchi yake kwa maana yoyote ya neno hilo katika Kiswahili. Alikuwa akibeba mzigo wa ugomvi wa wengine juu ya nchi yake. La pili ni jina. Chini ya sanamu jina limeahidiwa, lakini hakuna hata moja lililoandikwa. Wanajeshi wa Kizungu waliokufa katika vita vile vile walikumbukwa kwa majina. Waafrika walio wengi, askari na wapagazi, walipewa sanamu ya pamoja badala ya majina. Baadhi ya watawala wa makoloni walidai kwamba Mwafrika hangefahamu maana ya jiwe la kaburi. Dai hilo lilitolewa juu ya watu ambao, katika jamii zao nyingi, mjukuu hupewa jina la babu yake ili jina lisipotee! Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Wapagazi hawakuwapo katika baraza lililoamua, na majina yao hayakuwapo katika jiwe.

Yaliyoachwa na jiwe yaliokotwa na lugha. Jeshi la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza jina ambalo midomo ya Waswahili ililigeuza kuwa Kariakoo. Mahali walipopiga kambi Dar es Salaam pakaitwa hivyo, na Nairobi nako pana mtaa uitwao Kariokor. Kiswahili kilikuwa tayari na neno mpagazi, la misafara ya bara, na neno hamali, lenye asili ya Kiarabu. Lakini watu hawakuita kambi ile kwa maneno hayo ya kazi ya kawaida. Walichukua jina geni la kundi lile lile, wakalifanya lao. Soko la Kariakoo limejengwa upya na kuteketea kwa moto mwaka 2021, na jina halikuungua. Wengi walitajao kila siku hawajui asili yake; hata hivyo wanalitaja.

Mwaka huo huo wa 2021 Tume ya Makaburi ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa miongoni mwa sababu. Ikaomba radhi. Mwaka 2025 ulifunguliwa Cape Town ukumbusho wa vibarua Waafrika wa jeshi la Afrika Kusini waliokufa katika vita vile, wenye nguzo za mti na majina zaidi ya 1,700. Basi haikuwa kweli kwamba majina hayawezi kupatikana. Yalihitaji mtu wa kuyatafuta.

Hapa ndipo kazi yetu inapoanzia. Daftari za wapagazi zilizosalia, na masimulizi ya wazee yaliyohifadhiwa katika familia, ni mali ya mwanahistoria na ya mwanalugha pamoja. Kwani majina yaliyoandikwa na makarani wageni kwa tahajia ya ovyo hayatatambulika ila na mwenye kuzijua lugha za wenye majina hayo. Mwanga wa Burwash huwashwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Askari wa shaba wa Dar es Salaam amesimama kwa ajili ya wote, na kwa sababu hiyo hajasimama bado kwa ajili ya yeyote. Ahadi iliyo chini ya miguu yake ni deni, na deni hilo limeandikwa kwa Kiswahili.