Hesabu ya Nyangumi

Nyangumi si samaki, ingawa makao yake ni baharini. Huvuta pumzi kama sisi, naye humnyonyesha mtoto wake. Tangu kale watu walimwinda wapate mafuta yake ya taa na sabuni. Hapo kwanza walimchoma kwa mkono. Lakini katika karne ya 19 Svend Foyn wa Norwei alitengeneza mzinga wa kurusha chusa chenye baruti, na uwindaji ukawa mauaji.

Tarehe 2 Desemba 1946 wajumbe wa mataifa 15 walitia sahihi mapatano mjini Washington. Katika bahari ya kusini ya barafu waliweka kiasi cha 16,000 kwa msimu. Nia ilikuwa njema, bali hesabu ilikuwa mbovu. Nyangumi mmoja wa buluu alihesabiwa sawa na wawili na nusu wa nundu. Yaani walipima mafuta, hawakuhesabu wanyama. Tena hakuna taifa lililopewa fungu lake. Basi kila meli ilishindana kuwahi, na nyangumi wa buluu akakaribia kwisha.

Hata mwaka 1979, kwa shauri la Shelisheli, Bahari ya Hindi, ipigayo pwani yetu, ilifanywa mahali pa amani kwa nyangumi. Mwaka 1982 wengi walipiga kura uwindaji wa biashara usimame. Norwei ilikataa, Japani ilijitoa mwaka 2019.

Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: daftari la uongo nalo hupoteza.