Dawa za fangasi na ukali wa Candida

Athari za dawa za fangasi kwa ukali wa Candida ni mabadiliko yanayotokea katika uwezo wa hamira za jenasi Candida kuleta ugonjwa, baada ya hamira hizo kukutana na dawa zinazotumika kuziua au kuzizuia zisikue. Ukali wa kimelea ni kiasi cha madhara ambayo kimelea huyo anaweza kuyaleta katika mwili alioingia. Mabadiliko hayo huweza kutokea hata pale dawa inapokuwa kidogo kiasi kwamba haiui hamira yenyewe. Mara nyingi dawa hupunguza ukali, lakini katika hali fulani huweza kuuongeza.

Hamira na maradhi yake

Spishi inayojulikana zaidi ni Candida albicans. Huishi mdomoni, katika utumbo na ukeni mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Huleta ugonjwa pale kinga ya mwili inapodhoofika, au pale bakteria wanaoishi pamoja nayo wanapouawa na antibiotiki.

Mdomoni huleta utando mweupe, hasa kwa watoto wachanga, watu wenye meno bandia, watumiaji wa dawa za pumu za kuvuta zenye steroidi, na watu wenye UKIMWI. Ukeni huleta muwasho na uchafu mweupe mzito. Ikiingia katika damu, kama inavyotokea kwa baadhi ya wagonjwa mahututi hospitalini, huweza kufika kwenye figo, macho na moyo na kuua. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari kwa binadamu. Candida albicans na Candida auris ziliwekwa katika kundi la juu kabisa.

Mambo yanayoleta ukali

Ukali wa Candida albicans hautokani na sumu moja tu, bali na mambo kadhaa yanayosaidiana:

- Kunata: juu ya ukuta wa seli kuna protini, kama Als3 na Hwp1, zinazoishikiza hamira kwenye seli za binadamu na kwenye vifaa vya plastiki.
- Kubadili umbo: hamira ya mviringo huota mrija na kuwa uzi mrefu unaopenya katika tishu.
- Sumu: nyuzi hizo hutoa kandidalisini, peptidi inayotoboa seli za mwenyeji. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016.
- Vimeng'enya: hamira hutoa proteazi za kundi la Sap zinazovunja protini za mwili.
- Utando hai: seli nyingi hukaa pamoja ndani ya ute mzito juu ya meno bandia au mipira ya mishipa ya damu, mahali ambapo dawa huzipata kwa shida.
- Kujificha: glukani ya ukuta wa seli, ambayo kinga ya mwili huitambua haraka, hufunikwa na tabaka la nje la manani.

Makundi ya dawa

Polieni hujishikiza kwenye ergosteroli, mafuta yaliyo katika utando wa seli za fangasi, na kuuharibu utando huo. Nistatini iligunduliwa mwaka 1950 na Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, na jina lake linatokana na jimbo la New York walikofanya kazi. Amfoterisini B ni ya kundi hilohilo.

Azoli, kama flukonazoli, huzuia kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza ergosteroli. Kwa Candida, kwa kawaida huzuia ukuaji bila kuua seli zote. Ekinokandini, kama kaspofungini, huzuia utengenezaji wa glukani ya ukuta wa seli. Flusitosini huvuruga utengenezaji wa RNA na DNA.

Dawa inapopunguza ukali

Kiasi cha dawa mwilini hupanda na kushuka kati ya dozi moja na nyingine. Mdomoni hali hii ni ya wazi zaidi: nistatini ya maji au vidonge vya kumumunya huanza kwa nguvu, kisha mate huipunguza na kuiondoa kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo wanasayansi huchunguza hamira iliyoguswa na dawa kwa muda mfupi, kisha ikasafishwa.

Majaribio ya namna hiyo yameonyesha kwamba hamira iliyobaki hai huweza kuchelewa kuanza kukua upya. Ucheleweshaji huo huonekana zaidi kwa polieni na ekinokandini, na ni mdogo au haupo kabisa kwa flukonazoli. Pamoja na kuchelewa, hamira hizo hunata kwa shida zaidi kwenye seli za shavu na huota mirija michache. Hivyo faida ya dawa huendelea kwa kitambo hata baada ya dawa yenyewe kuondoka. Azoli kwa kiasi kidogo pia huzuia hamira kugeuka nyuzi.

Ekinokandini zina athari nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kaspofungini kidogo hufunua glukani iliyokuwa imefichwa. Kipokezi kiitwacho Dectin-1, kilicho juu ya seli za kinga, huitambua glukani hiyo, na kinga huamka kwa nguvu zaidi. Hapo dawa na kinga ya mwili hufanya kazi pamoja.

Baadhi ya dawa za VVU zimeonyesha jambo kama hilo bila kukusudiwa. Dawa zinazozuia proteazi ya virusi hivyo, kama ritonaviri, huzuia pia proteazi za Sap katika maabara, kwa kuwa vimeng'enya hivyo viwili ni vya aina moja.

Dawa inapoongeza ukali

Athari hazielekei upande mmoja daima. Candida albicans inapoishi na flukonazoli isiyotosha kuizuia, hutoa kwa wingi zaidi kemikali iitwayo farnesoli. Katika maabara farnesoli huzuia hamira isigeuke nyuzi, hivyo ingetarajiwa kupunguza ukali. Lakini katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, panya waliodungwa hamira zilizotangulia kuwekwa katika flukonazoli kidogo walikufa zaidi kuliko waliodungwa hamira za kawaida.

Vilevile hamira iliyoguswa na ekinokandini huweza kuongeza kitini katika ukuta wake ili kuuimarisha. Seli zenye kitini nyingi huivumilia dawa zaidi. Katika aina fulani sugu kwa flukonazoli, dawa hiyo imeonekana pia kuongeza utoaji wa proteazi.

Usugu na ukali

Usugu wa dawa mara nyingi una gharama kwa hamira. Mwaka 2013 watafiti walieleza kwamba Candida albicans iliyopata usugu kwa amfoterisini B hushindwa kustahimili homa na mashambulizi ya seli nyeupe za damu, na ukali wake hupungua sana. Hiyo ni sababu mojawapo ya usugu huo kubaki nadra, ingawa dawa imetumika tangu miaka ya 1950. Mabadiliko ya jeni FKS1 yanayoleta usugu kwa ekinokandini nayo huweza kuidhoofisha hamira.

Kinyume chake kilionekana kwa Candida glabrata, ambayo siku hizi huitwa pia Nakaseomyces glabratus. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba mabadiliko ya jeni PDR1, yanayoifanya kuwa sugu kwa azoli, huiongezea pia ukali kwa panya. Katika hali hiyo dawa huchagua hamira ambayo ni sugu na kali kwa pamoja.

Umuhimu katika tiba

Maarifa haya yanaeleza kwa nini dozi ndogo mno au tiba inayokatizwa ina hatari: hamira hubaki hai na hupata nafasi ya kujirekebisha. Katika miaka ya 1990 wagonjwa wengi wa UKIMWI waliotumia flukonazoli mara kwa mara walipata fangasi wa mdomoni wasiosikia dawa hiyo. Tatizo hilo lilipungua baada ya dawa za kufubaza VVU kuanza kurudisha kinga ya mwili.

Watafiti wanatafuta pia dawa zitakazonyang'anya hamira silaha zake bila kuiua, kwa mfano kwa kuizuia isinate au isigeuke nyuzi. Inatarajiwa kwamba dawa za namna hiyo zitachochea usugu kwa kiasi kidogo na kuziacha hai hamira zinazoishi mwilini bila madhara. Hata hivyo sehemu kubwa ya matokeo yaliyopo yametoka maabara na kwa panya, na hali ndani ya mwili wa binadamu huathiriwa pia na kinga, bakteria wa jirani na mahali ambapo ugonjwa umeshika.