Hawana majina vitabuni, ila ndio waliobeba moto wa Rufiji

Ukipanda bajaji ya gesi pale Dar, jua kuna kitu kimepita Kibiti bila kusimama. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kutumika kibiashara 2004. Inatoka kisiwani kule Kilwa, inatua Somanga, halafu inapita kwenye bomba kilomita zaidi ya 200 hadi Ubungo, ikikatiza ardhi ya Rufiji. Huku juu ya ardhi, kwenye vijiji vya pembeni, kuna mama ameinama anapuliza kuni mbichi na machozi yanamtoka.

Kiukweli hii stori si mpya. Ukifuatilia historia ya delta ya Rufiji utaona mchezo ni ule ule: nguvu inatoka huku, inawaka kwingine, na waliobeba mzigo hawaandikwi popote. Leo tuwaongelee hao. Na tuongelee gesi moja ambayo haihitaji kusafiri, maana inazaliwa zizini.

Mkata boriti

Delta ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi, yakaondoka na kusi yakiwa yamesheheni boriti za kwenda Uarabuni na Ghuba, ambako mti wa kujengea ni wa kutafuta. Hivi unajua kwa nini vyumba vya majumba ya zamani ya Lamu na Zanzibar ni vyembamba? Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Yaani jamaa mmoja aliyesimama kwenye tope hadi mapajani, mbu wakimla, ndiye aliyeamua tajiri alale kwenye chumba cha ukubwa gani.

Boriti nzuri zikasafiri. Miti mingine ikawa kuni na mkaa, na mingine ikaishia kwenye matanuri ya chokaa. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani wakaiweka mikoko chini ya serikali yao. Jina la mkataji halikuandikwa.

Mvuta boila

Sasa sikia hii. Mwaka 1914 vita ilipoanza, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa huku kwetu. Tarehe 20 Septemba iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha kwenye mifereji ya delta. Shida zake zilikuwa mbili: mitambo imechoka, na makaa ya mawe ni ya kuokoteza. Meli yake ya mizigo, Somali, ilipigwa na kuteketea humo humo deltani mwezi Novemba.

Ili ipone, vipuri vya boila vilifunguliwa na kupelekwa karakana ya Dar es Salaam, kisha vikarudishwa. Hakukuwa na lori wala reli. Vibarua Waafrika walivikokota kwa kamba, porini na matopeni, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenda tu. Königsberg ilizamishwa tarehe 11 Julai 1915. Jina la nahodha lipo kwenye kila kitabu cha vita hiyo. Waliovuta kamba hata orodha hawana.

Mama wa jikoni

Huyu ndiye tunayeishi naye. Moto wake ni kuni, na moshi anaupata kila siku asubuhi na jioni. Kwake bayogesi ingekuwa ukombozi. Swali: kwa nini haikumfikia mapema?

Tanzania si wageni wa kitu hiki. SIDO ilianza kujenga mitambo ya mfano wa Kihindi mwaka 1975, ile yenye pipa la chuma linaloelea. Miaka ya 80 kituo cha CAMARTEC kule Arusha, kikishirikiana na Wajerumani, kikaja na mtambo wa kuba uliofukiwa ardhini, hauna chuma cha kushika kutu. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa kitaifa wa bayogesi ya majumbani. Ila angalia ilikoshamiri: Arusha, Kilimanjaro, sehemu ambazo ng'ombe wanakaa bandani na majani wanaletewa. Rufiji ilikuwa nchi ya mbung'o. Ng'ombe walikuwa wachache mno, na bila ng'ombe samadi ya kulisha mtambo utaitoa wapi?

Mchunga ng'ombe

Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji bonde la Ihefu, Mbarali. Wengi wakaelekea Lindi na Pwani, wakaingia Rufiji, wakati huo Kibiti ikiwa bado ndani ya wilaya hiyo. Wakaja na ng'ombe kwa maelfu. Wakulima wakaona mpunga wao unaliwa, wafugaji wakaona njia za maji zimezibwa na mashamba. Ugomvi ukawa mkubwa na watu wamepoteza maisha. Hilo si jambo la kulipitia juu juu.

Lakini pamoja na ugomvi, kilikuja pia kile kilichokosekana miaka yote: samadi.

Hesabu yake ni nyepesi. Ng'ombe wawili watatu wanaolala zizini wanaweza kukupa kilo 20 za kinyesi kwa siku. Changanya na maji lita 20 hivi, mimina mtamboni, funga hewa isiingie. Bakteria wanafanya kazi yao, unapata kama lita 800 za gesi. Jiko moja linawaka saa mbili na zaidi. Tope linalotoka upande wa pili ni mbolea ya shambani.

Gesi hiyo ikitoka mbichi si safi. Methani, ile inayowaka, ni kama asilimia 60. Kubwa katika kilichobaki ni kabonidayoksaidi, ambayo haiwaki kabisa, pamoja na mvuke wa maji na gesi kidogo yenye harufu ya yai viza. Hiyo ya yai viza ndiyo adui: inakula jiko na injini. Dawa yake ya kienyeji ni kuipitisha gesi kwenye kopo lenye vumbi la chuma lililoshika kutu. Mvuke unaunasa kwa mtego wa maji kwenye sehemu ya chini kabisa ya bomba. Kwa kupikia, hapo umemaliza.

Ukitaka kuendesha gari, unaondoa na kabonidayoksaidi, kwa mfano kwa kuiosha gesi ndani ya maji yenye shinikizo. Ikivuka asilimia 95 ya methani, inakuwa ndugu wa damu wa gesi ya Songo Songo, ambayo yenyewe ina methani kama asilimia 97. Yaani kile kinachopita kwenye bomba kwenda Dar na kile kinachoweza kutoka zizini Kibiti ni kitu kile kile.

Kuna vikwazo, tusidanganyane. Visiwani maji ni ya chumvi, na chumvi ikizidi bakteria wanagoma. Bondeni mafuriko ni ya kweli, waulize walioyaona Aprili 2024. Mtambo ujengwe sehemu ya juu. Na ng'ombe anayehama kila msimu hawezi kulisha mtambo uliokaa sehemu moja.

Hicho cha mwisho ndicho kigumu zaidi. Mfugaji ana samadi, mkulima ana ardhi na anahitaji mbolea. Bila hao wawili kukaa mkeka mmoja, hakuna gesi. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Wengi tunasikia hivyo tunawaza mtungi wa dukani tu. Mtungi ukiisha unataka hela. Zizi linataka amani.

Boriti zilikwenda Ghuba. Boila lilikwenda Dar na kurudi kwa ajili ya vita ya watu wengine. Gesi inapita chini ya miguu. Bayogesi ingekuwa moto wa kwanza wa Rufiji unaobaki kwa aliyeubeba.

Wewe wa Kibiti, Ikwiriri, Nyamisati: bibi au babu yako alibeba nini? Mtaje hapo chini. Wengine walishasahaulika, huyo wako asisahaulike.