Katama Mkangi: Kutoka Uhalisia hadi Sayari ya Walenisi

Bunilizi ya kisayansi ni utanzu uliopewa nafasi finyu katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili. Makala haya yanafuatilia uandishi wa Katama Mkangi, mzaliwa wa Pwani ya Kenya aliyekuwa mhadhiri wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Lengo ni kuonyesha kwamba safari ya angani katika riwaya yake ya Walenisi haikuwa njia ya kuukimbia uhalisia.

Mkangi alianza na Ukiwa (1975), riwaya ya mapenzi ya vijana iliyosimuliwa kihalisia. Katika Mafuta (1984) aliuacha mkondo huo. Humo unyonyaji unasawiriwa kwa istiara, na wahusika wanawakilisha matabaka zaidi ya nafsi zao.

Mwaka 1986, serikali ilipowaandama walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, Mkangi alitiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Aliachiliwa mwaka 1988. Riwaya iliyofuata ni Walenisi (1995). Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anafungiwa katika chombo cha angani kiwe kaburi lake. Hafi, anafaulu kukiongoza hadi sayari isiyo na mabwana wala watwana. Jina la sayari hiyo ni sentensi kamili: wale ni sisi.

Ni rahisi kudai kwamba Dzombo ni Mkangi na chombo ni seli. Usomaji huo una mashiko, ila haujitoshelezi. Tukumbuke kuwa Mafuta ilitangulia kizuizi kwa miaka miwili. Kwa hivyo kizuizi hakikuzaa fantasia ya Mkangi. Kiliipa umbo la mfungwa anayeugeuza mtego kuwa usafiri. Aidha, mwaka 1997 Mkangi aligombea urais wa Kenya kwa tiketi ya chama cha KNC. Anayeukimbia ulimwengu huu haombi kura zake.

Hoja hii ina manufaa kwa mwalimu anayefundisha, tuseme, Navakholo. Dzombo ni jina la Kimijikenda, na mwanafunzi aliyelelewa kwa Kiluhya atahitaji kuelezwa hivyo. Lakini swali la nani anatoa jasho na nani anafaidi halihitaji ufafanuzi kwa mtoto wa mkulima wa miwa. Mwalimu na aanzie hapo, kisha aulize: kwa nini mwandishi alilazimika kwenda sayari nyingine ili alijibu? Mwanafunzi atakayeridhika kuiita Walenisi ndoto tu atakuwa ametaja fani na kuyaacha maudhui njiani.

Mkangi alifariki mwaka 2004. Riwaya zake tatu zinathibitisha kwamba kadiri mandhari yake yalivyosogea mbali na Kenya, ndivyo lawama yake ilivyozidi kuikaribia.